Gosset: Mpika bia aliyeonyesha namba chache zinaaminika kiasi gani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wenye maduka wanaujua, na mkulima aliyewahi kukopa pembejeo akasahau kuandika anaujua zaidi. Lakini lipo swali ambalo daftari peke yake haliwezi kulijibu. Namba ukishaziandika, na ni chache, utaziamini kwa kiasi gani?

Chukua mfano wa mkulima anayejaribu mbegu mpya. Anaipanda kwenye kipande kimoja cha shamba, na mbegu ya zamani kwenye kipande cha pili. Wakati wa mavuno mbegu mpya inatoa madebe mawili zaidi. Je, ni ubora wa mbegu, au ni kwa sababu kipande kile kilikuwa karibu na zizi la ng'ombe? Akikosea jibu, msimu ujao atapanda shamba zima mbegu isiyofaa, na hasara itakuwa yake mwenyewe.

Mtu aliyelifanyia kazi swali hili hadi likapata jibu hakuwa profesa wa chuo kikuu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia, na jina lake ni William Sealy Gosset. Dunia ya wataalamu wa takwimu inamfahamu zaidi kwa jina la bandia la Student, yaani mwanafunzi.

Habari zake zinafaa kusomwa hasa wakati huu ambapo kompyuta imeingia hata kwenye sufuria ya pombe. Huko Marekani, Uingereza na nchi nyingine, watu wanaopika bia nyumbani kwa ajili ya matumizi yao hupanga mapishi kwa kutumia programu za kompyuta kama BeerSmith na Brewfather. Mpishi anaandika kilo za kimea, gramu za hopsi na lita za maji. Kabla hajawasha moto, programu inamwambia bia yake itakuwa na nguvu kiasi gani, uchungu kiasi gani na rangi gani.

Ni kazi nzuri na ya haraka. Hata hivyo, programu haioni sufuria yako. Inakokotoa vipimo ulivyoipa, na ukiipa kipimo kibovu itakurudishia jibu bovu lenye sura nzuri. Tatizo hilo ndilo alilokutana nalo Gosset zaidi ya miaka 120 iliyopita, wakati kompyuta hazijafikiriwa.

Mtoto wa kanali mwenye macho mabovu

Gosset alizaliwa Juni 13, 1876 katika mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Baba yake, Frederic Gosset, alikuwa kanali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kijana naye alitamani kufuata nyayo za baba. Bahati haikuwa upande wake, kwani jeshi lilimkataa kwa sababu ya macho.

Alisoma katika shule ya Winchester, kisha akajiunga na New College katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alipata daraja la kwanza katika mtihani wa hisabati mwaka 1897, na daraja la kwanza tena katika kemia mwaka 1899. Mchanganyiko huo wa masomo ndio uliompa ajira.

Wakati huo kiwanda cha Guinness cha mjini Dublin, Ireland, kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya bia duniani. Kilianzishwa mwaka 1759 na Arthur Guinness katika eneo la St. James's Gate, alipokodi kiwanja kwa mkataba wa miaka 9,000. Bia yake nyeusi ilikuwa ikisafirishwa mbali, na jina lake hadi leo linafahamika katika baa za Afrika Mashariki.

Kwa miaka mingi wapishi wa Guinness walifanya kazi kwa uzoefu. Mnunuzi alinusa hopsi, akashika shayiri kiganjani, akaamua bei. Njia hiyo inafaa pale mzigo unapokuwa mdogo. Kiwanda kinapokuwa kikubwa, kosa dogo katika kila gunia hugeuka kuwa hasara kubwa mwisho wa mwaka.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1890 uongozi wa Guinness ulianza kuajiri vijana waliosoma sayansi katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Gosset aliingia katika kundi hilo Oktoba 1899, akiwa na umri wa miaka 23. Alibaki na mwajiri huyo mmoja mpaka alipofariki.

Tatizo la vipimo vichache

Ili kuelewa kazi yake, ni vizuri kufahamu bia inavyotengenezwa. Shayiri huloweshwa mpaka ianze kuota, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto, na wanga wake hugeuka kuwa sukari. Maji hayo matamu, mfano wa togwa, huchemshwa pamoja na hopsi ili kupata uchungu na harufu. Yakipoa hutiwa hamira, nayo hula sukari na kutoa pombe.

Hivyo basi, mali ya kiwanda ni ile sukari inayotoka kwenye kimea. Shehena mbili za kimea zinaweza kuwa na bei moja, lakini moja ikatoa sukari nyingi kuliko nyingine. Maabara ilipima utamu huo kwa digrii. Shida ni kwamba ukipima kimea kilekile mara mbili, majibu hayalingani. Leo unapata namba hii, kesho inapanda kidogo, keshokutwa inashuka.

Swali la biashara likawa ni hili: mtu apime mara ngapi ndipo aamini? Kupima mara moja ni hatari. Kupima mara mia ni kupoteza muda na fedha.

Gosset alikusanya vipimo vilivyokuwapo, na Novemba 1904 akaandikia uongozi taarifa ya ndani kuhusu makosa ya vipimo katika kazi za kiwanda. Alionyesha kuwa ukichukua wastani wa vipimo viwili, uwezekano wa kuwa ndani ya nusu digrii ya ukweli ni kama 4 dhidi ya 1. Vipimo vitatu vinaufikisha 7 dhidi ya 1, na vinne 12 dhidi ya 1. Kwa kiwango ambacho kiwanda kilikihitaji, vipimo vinne vilitosha.

Mfanyabiashara atazame vizuri hapo. Gosset hakuuliza tu ukweli ni upi. Aliuliza pia ukweli huo unagharimu kiasi gani kuupata, na ni wapi pa kusimama. Kipimo cha tano kina faida yake, lakini je, kinalipa?

Safari ya baiskeli

Katika taarifa hiyo Gosset alikiri kwamba hesabu zake zilihitaji msaada wa mtu aliyebobea. Mtaalamu mkubwa wa takwimu nchini Uingereza wakati huo alikuwa Karl Pearson wa University College, London. Julai 1905 Gosset alipanda baiskeli akaenda kumtembelea katika kijiji cha East Ilsley, ambako Pearson alikuwa akipumzika wakati wa likizo. Mazungumzo yao yalimfungulia njia.

Mwaka uliofuata, 1906, Guinness ilimruhusu kwenda London kusoma katika maabara ya Pearson. Mwaka huohuo alimuoa Marjory Phillpotts, mwanamke aliyekuwa mchezaji hodari wa mpira wa magongo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike.

Pearson na wenzake walizoea kufanya kazi na vipimo mamia kwa maelfu, na hawakuona sababu ya kuhangaika na vipimo vinne au vitano. Hali ya Gosset ilikuwa tofauti. Jaribio moja la shayiri huchukua msimu mzima, linahitaji shamba, mbegu, vibarua na hali ya hewa. Huwezi kupata majaribio elfu moja. Ilimlazimu kujifunza kuishi na machache, kama mkulima mdogo anavyolazimika.

Karatasi ya kwanza aliyoichapisha, mwaka 1907, ilihusu hamira. Wapishi walihesabu chembe za hamira kwa darubini, juu ya kioo kilichochorwa miraba midogo, ili wajue watie hamira kiasi gani kwenye pipa. Ikizidi au ikipungua, bia inaharibika. Gosset alionyesha jinsi ya kukadiria kosa katika hesabu hiyo, na kwamba kosa hilo hupungua kadiri chembe zinazohesabiwa zinavyoongezeka.

Kadi 3,000 na jina la bandia

Mwaka 1908 jarida la kitaalamu la Biometrika lilichapisha makala yake iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote. Kabla ya kuiandika alifanya jaribio la mkono. Alichukua vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vilivyokuwa vimekusanywa nchini Uingereza, akaviandika kwenye kadi. Alizichanganya kadi kama karata, kisha akazigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne. Kwa kila fungu alikokotoa wastani na mtawanyiko, akaona namna mafungu madogo yanavyoweza kumdanganya mtu.

Alichogundua kinaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Unapolinganisha vitu viwili kwa vipimo vichache, usitazame tofauti ya wastani peke yake. Itazame tofauti hiyo kando ya mtawanyiko wa vipimo vyenyewe. Kama vipimo vinarukaruka sana na idadi yake ni ndogo, tofauti inayoonekana kubwa inaweza kuwa bahati tu. Gosset alitengeneza jedwali linaloonyesha uaminike kiasi gani kulingana na idadi ya vipimo ulivyo navyo.

Makala haikubeba jina lake. Guinness haikutaka wafanyakazi wake wachapishe mambo yanayoweza kutoa siri za kiwanda kwa washindani. Alipewa ruhusa kwa masharti kwamba jina lake na la kiwanda yasionekane. Akachagua kujiita Student, na karibu kazi zake zote zilitoka kwa jina hilo. Hesabu yake hadi leo inafundishwa vyuoni kama jaribio la t la Student, na wanafunzi wengi huifanya bila kujua kwamba ilizaliwa kwenye kiwanda cha bia.

Shayiri iliyokaushwa kwa moto

Moja ya mifano aliyoitumia katika makala ile itawagusa wakulima. Watafiti walitaka kujua kama kuna faida kukausha mbegu ya shayiri kwa moto kabla ya kuipanda. Aina saba zilipandwa mwaka 1899 na nne mwaka 1900, kila aina ikiwa na kipande cha mbegu iliyokaushwa na cha mbegu ya kawaida. Kwa hiyo zilipatikana jozi 11.

Kwa wastani, mbegu ya kawaida ilitoa kama kilo 835 za nafaka kwa ekari, na iliyokaushwa kama kilo 850. Tofauti ni kilo 15 hivi. Mtu mwenye haraka angesema kausheni mbegu zote.

Ukitazama jozi moja moja mambo yanabadilika. Katika jozi saba mbegu iliyokaushwa ilishinda, mojawapo ikiongoza kwa takriban kilo 58. Katika jozi nne ilishindwa, na katika moja kati ya hizo ilizidiwa kwa kilo 32 hivi. Kwa mruko wa namna hiyo, ushindi wa wastani wa kilo 15 ulitia moyo lakini haukutosha kufunga mjadala. Tena, mavuno yaliyotokana na mbegu iliyokaushwa mara nyingi yalikuwa na ubora wa chini, na ubora ndio huamua bei sokoni.

Mkulima anayehesabu magunia tu angeona faida. Anayehesabu shilingi angesita kidogo. Gosset alipanga hesabu za nafaka, majani makavu, bei na thamani ya zao zima kwa ekari, kila moja mahali pake.

Wakulima waliokataa mbegu bora

Baada ya kurudi Dublin mwaka 1907 Gosset alipewa usimamizi wa kiwanda kidogo cha majaribio, na muda wake mwingi aliutumia kwenye shayiri. Guinness ilishirikiana na idara ya kilimo ya Ireland kupima aina mbalimbali za mbegu kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, katika maeneo tofauti na kwa miaka mingi. Mtafiti Herbert Hunter, aliyefanya kazi Ballinacurra katika kaunti ya Cork, alizalisha aina iliyoitwa Spratt-Archer, ambayo ilikuja kuenea sana Ireland na Uingereza.

Hata hivyo, Gosset mwenyewe alisimulia kisa ambacho kila bwana shamba anapaswa kukikumbuka. Kulikuwa na eneo moja dogo ambako wakulima waliikataa Spratt-Archer, wakidai mbegu yao ya asili ni bora zaidi. Wataalamu walidhani ni ukaidi. Ili kuwaonyesha, wakaisafisha mbegu ya wenyeji na kuipanda sambamba na ile ya kitaalamu katika eneo lilelile.

Matokeo yaliwashangaza, kwani wakulima walikuwa sahihi. Mbegu yao iliota haraka na kuyafunika magugu, ambayo yalijaa katika mashamba ya huko. Spratt-Archer ilichelewa mwanzoni, magugu yakaizidi. Katika shamba lililopaliliwa vizuri mambo yaligeuka na Spratt-Archer ikaongoza.

Mbegu bora, basi, ni bora mahali fulani na kwa matunzo fulani. Ndiyo maana Gosset alisisitiza majaribio yafanyike katika mashamba ya kawaida, sehemu nyingi, badala ya kitalu kimoja kizuri cha serikali.

Rafiki yake Edwin Sloper Beaven, mfanyabiashara wa kimea wa Warminster nchini Uingereza aliyezalisha aina ya Plumage-Archer, alikuwa na mbinu rahisi ya kulinganisha mbegu mbili. Alizipanda katika mistari mirefu inayopishana, mbegu ya kwanza, ya pili, ya pili, ya kwanza, hadi mwisho wa shamba. Kwa njia hiyo mbegu zote mbili zinapata sehemu ya ardhi nzuri na sehemu ya ardhi mbaya. Gosset aliipenda na kuitetea mbinu hiyo.

Utetezi huo ulimgonganisha na Ronald Fisher, mwanatakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Fisher alikuwa amethibitisha kihisabati hesabu ya Gosset na kuisambaza duniani kupitia kitabu chake cha mwaka 1925. Yeye alitaka vipande vigawiwe kwa kura, bila mtafiti kuchagua. Gosset aliona kupishanisha mistari kwa mpangilio kunatoa jibu sahihi zaidi kwa gharama ileile. Walibishana kwa miaka, na urafiki wao haukuvunjika.

Maziwa ya watoto 20,000

Mwaka 1930 jimbo la Lanarkshire huko Scotland lilifanya jaribio kubwa la maziwa shuleni. Watoto 20,000 walihusika katika shule 67. Nusu yao walipewa maziwa kila siku kwa miezi minne, wengine hawakupewa, na wote walipimwa uzito na urefu mwanzoni na mwishoni. Kwa ukubwa huo mtu angedhani hakuna la kubisha.

Gosset alibisha. Mwaka 1931 aliandika kwamba walimu, kwa huruma, walikuwa wamewaelekezea maziwa watoto maskini na dhaifu. Kundi la wasiopewa lilikuwa na watoto wakubwa na wenye afya zaidi tangu siku ya kwanza. Isitoshe, watoto walipimwa wakiwa na nguo, mara ya kwanza wakati wa baridi na mara ya pili karibu na joto. Mtoto wa tajiri alivua koti zito, wa maskini hakuwa na koti la kuvua, hivyo hesabu za uzito zikavurugika.

Alipendekeza njia nyingine. Wangechukua jozi 50 tu za mapacha wanaofanana, mmoja apewe maziwa na mwenzake asipewe, kwa kura. Jibu lingekuwa la kuaminika zaidi kuliko la watoto 20,000, na kwa sehemu ndogo ya gharama. Wingi wa namba hauponyi jaribio lililopangwa vibaya.

Siku za mwisho

Pamoja na umaarufu wake miongoni mwa wataalamu, Gosset aliishi maisha ya kawaida. Alipenda bustani, uvuvi na useremala, na aliunda mashua kwa mikono yake. Utafiti wa takwimu ulikuwa sehemu tu ya kazi zake kiwandani.

Mwaka 1935 alihamishiwa London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness katika eneo la Park Royal. Mwaka 1937 alipandishwa kuwa mkuu wa wapishi wa bia wa kampuni, lakini hakukaa muda mrefu katika cheo hicho. Oktoba 16, 1937 alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 61. Kiwanda cha Park Royal kilifungwa mwaka 2005, lakini jedwali lake la mwaka 1908 halijafungwa. Leo hesabu ya t imo hata ndani ya programu ya Excel, ile ambayo wengi huitumia kutunza hesabu za duka.

Kutoka kwenye jedwali hadi kwenye programu

Tukirudi kwa wapishi wa nyumbani, wengi wao walianza baada ya sheria kulegezwa. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikapitisha sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Mwanzoni walitumia karatasi na kikokotoo. Kompyuta zilipoingia majumbani, hesabu zikahamia humo.

Tuchukue mfano wa hesabu moja ambayo programu hufanya. Kilo moja ya kimea cha shayiri huhesabiwa kuwa na alama kama 300 za utamu ikiwa yote ingeyeyuka katika lita moja. Kilo tano ni alama 1,500. Lakini hakuna sufuria inayotoa utamu wote. Kama yako hutoa asilimia 70, unabaki na alama 1,050. Ukizigawa kwa lita 20 unapata alama 52 na ushei, yaani haidromita itasoma 1,052 ambapo maji matupu husoma 1,000. Hamira ikimaliza kazi na kipimo kikashuka hadi 1,012, bia hiyo ina pombe ya asilimia 5 na kidogo.

Sasa fikiria sufuria yako kumbe hutoa asilimia 60. Kwa kimea kilekile na maji yaleyale utaanzia 1,045, na bia itakuwa ya asilimia 4 na kidogo. Mapishi ni yale yale, fedha ni ile ile, bia ni nyingine. Programu haikukosea hesabu. Mpishi ndiye aliyeipa asilimia ya mtu mwingine.

Asilimia hiyo haipatikani kwa kupima mara moja. Huenda siku hiyo kimea kilisagwa vizuri kuliko kawaida, au haidromita ilitumbukizwa kwenye maji yakiwa bado ya moto ikasoma chini. Mpishi makini hupima kila anapopika, huandika, na baada ya mapishi manne au matano huchukua wastani. Akiona namba zake zinarukaruka, anatafuta kwanza sababu kabla ya kubadili mapishi. Huyo anafuata njia ileile ya Gosset ya mwaka 1904, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Ndugu msomaji, si lazima uwe mpika pombe ili ufaidike na habari hizi. Na anayetaka kupika kwa ajili ya kuuza asisahau kwamba sheria inamtaka awe na leseni. Lakini mkulima wa shayiri, mahindi au alizeti anaweza kuanza msimu ujao kwa gharama ndogo. Ukiletewa mbegu au mbolea mpya, usiimwage shamba zima, wala usiijaribu kwenye kona moja tu. Chagua sehemu tano au sita za shamba lako, nzuri na mbaya. Kila sehemu iwe na mistari ya mbegu mpya kando ya mistari ya zamani. Palilia sawa, vuna kila kipande peke yake, pima kwa mzani na uandike tofauti ya kila jozi.

Kama mbegu mpya imeshinda karibu kila mahali, una sababu ya kutoa fedha. Kama imeshinda pengine na kushindwa pengine, subiri msimu mmoja zaidi huku shamba lako kubwa likiwa salama. Piga na hesabu ya bei, maana gunia zito lenye nafaka mbaya linaweza kukuletea fedha kidogo kuliko jepesi lenye nafaka nzuri.

Gosset alikuwa na kiwanda tajiri nyuma yake, lakini zana alizotuachia ni za mtu mwenye vichache: kupima zaidi ya mara moja, kulinganisha vinavyolingana, na kuuliza namba kabla ya kuziamini. Vitu hivyo vinahitaji daftari, kalamu na mzani usiodanganya.